Kutoka Radi hadi Waya: Uhakiki wa Msamiati wa Umeme katika Sayansi, Tiba na Sanaa ya Semi, kwa Mtazamo wa Bondeni, Kyela

1.0 Utangulizi

Msamiati wa umeme katika Kiswahili umezoeleka kupimwa kwa kigezo kimoja, yaani iwapo istilahi inalingana na dhana ya lugha chanzi. Kigezo hicho kinamfaa mwandishi wa kitabu cha fizikia, lakini hakimtoshi mhakiki. Neno linapohama kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine huhama pamoja na maelezo ya chanzo: nani amesababisha, nani amedhurika na kama ipo njia ya kumwokoa. Uhakiki huu unayachunguza maneno matatu, radi, umeme na waya, kwa kuyaweka Bondeni, tambarare ya Kyela iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako mvua ni nyingi na ngurumo hazihesabiki kuwa jambo geni. Hoja kuu ni kwamba historia ya maneno hayo ni historia ya kugawa lawama.

2.0 Kaharabu na Umeme: Njia Mbili za Kutaja

Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Uingereza, aliunda neno la Kilatini kutokana na jina la Kigiriki la kaharabu, utomvu mkavu wa kale ambao ukisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Lugha za Ulaya zikafuata. Kiarabu nacho kilipita njia hiyo hiyo, kwani jina lake la umeme linatokana na kaharabu, neno ambalo asili yake ni Kiajemi lenye maana ya kinachonyakua majani makavu. Kiswahili kilikuwa nalo neno kaharabu, lakini hakikulitumia kwa kazi hiyo. Kilichukua umeme, mmweko wa angani, neno lenye unasaba wa sauti na maana na kumeta na kumemeta.

Uteuzi huo hauna budi kutazamwa kwa makini. Majaribio yaliyohusishwa na Benjamin Franklin mwaka 1752 yalithibitisha kwamba mmweko wa mawinguni na cheche ya maabara ni kitu kimoja. Mtoto anayesoma kwa Kiingereza hufundishwa umoja huo. Anayesoma kwa Kiswahili huukuta ndani ya jina. Wala uteuzi huo haukuwa wa lazima. Wakenya wengi husema stima, na ng’ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, Kichewa husema magetsi.

Hata hivyo, jina la angani lina gharama. Linaleta picha ya tukio la ghafla na kali, ilhali umeme wa nyumbani hupita kimya. Lugha ya fizikia ilisawazisha kasoro hiyo kwa kuazima neno la maji, mkondo. Bondeni neno hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa Songwe huhama mkondo wake na kuyumbisha mpaka wa nchi mbili. Pamoja na hayo, elimu ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi huliacha neno analolielewa pale somo linapoanza kuwa zito.

3.0 Radi na Umeme: Suala la Mtumaji

Vitenzi vinaonesha tofauti ambayo kamusi haisemi. Radi hupiga, na katika imani iliyoenea maeneo mengi ya Nyanda za Juu Kusini, radi huweza kutumwa na mtu mwenye kisasi. Umeme huwaka, hukatika, hukatwa na hulipiwa. Hakuna anayesema radi imekatika. Anayekufa kwa radi huacha swali la nani ameituma, swali linaloweza kuishia kwa jirani au mzee kutuhumiwa uchawi. Anayekufa kwa kupigwa shoti huacha swali la waya uliochubuka na fundi aliyeunganisha. Sayansi imemwondoa mtumaji katika umeme, lakini haijamwondoa katika radi, ingawa kwa mujibu wa Franklin vitu hivyo ni kimoja. Hapo ndipo somo la sayansi kwa Kiswahili lina kazi ambayo istilahi peke yake haiwezi kuifanya.

4.0 Waya: Sitiari ya Ugonjwa

Ulaya, uhusiano wa umeme na mwili ulipata uzito mpya katika mjadala wa kitaalamu pale Luigi Galvani alipochapisha mwaka 1791 majaribio yake ya miguu ya chura. Katika Kiswahili cha Tanzania, sitiari iliyo nzito zaidi katika uwanja huo haikutoka maabara. Ilitoka mitaani: kukanyaga waya, yaani kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Tangu wagonjwa wa kwanza wabainike Kagera mwaka 1983, ugonjwa huo umezalisha semi nyingi. Aldin Mutembei (2001) alionesha, kwa ushahidi wa ushairi simulizi wa Kihaya, namna sitiari za UKIMWI zinavyobadilika kadiri jamii inavyobadili uelewa wake. Mkoa wa Mbeya, ambamo Kyela imo, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika sana, na usemi huo unaeleweka huko kama unavyoeleweka kwingineko nchini.

Kisanaa usemi huu umefaulu. Ni mfupi, unasitiri jina linaloogopwa, na unachora hatari isiyoonekana kwa macho. Kimaadili una kasoro mbili. Kwanza, kukanyaga ni tendo la mguu wa mtu mwenyewe, hivyo lawama yote humwangukia mgonjwa. Mke aliyeambukizwa na mumewe, au mtoto aliyezaliwa na virusi, hakukanyaga chochote. Pili, anayekanyaga waya wenye umeme huweza kufa papo hapo. Kwa upande wa kifo, si wa upesi wake, picha hiyo ilikaribiana na hali halisi kabla ya dawa. Tangu mpango wa taifa wa matunzo na tiba ulipoanza mwaka 2004, mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi huweza kuishi miaka mingi, kulima mpunga na kulea watoto. Tiba imekwenda mbele, sitiari imebaki nyuma, na anayeiamini anaweza kuona kwamba hakuna haja ya kwenda kupima.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba radi humtafuta mtumaji, umeme humtafuta fundi, na waya humlaumu aliyejeruhiwa. Hivyo basi, tathmini ya istilahi za sayansi na tiba isiishie kwenye usahihi wa tafsiri. Iulize pia neno linamwelekezea nani kidole, na kama bado lina haki ya kufanya hivyo.