Namba Peke Yake Haitoshi

Mwaka 1890 James Strong, mwalimu Mmethodisti wa Marekani, alitoa itifaki kubwa ya Biblia ya Kiingereza ya King James. Kila neno la Kiebrania na Kiaramu lililo nyuma ya Kiingereza hicho alilipa namba, kuanzia 1 hadi 8674, akaongeza na kamusi fupi. Kwa msaada huo, msomaji wa Kiingereza asiyejua hata herufi ya kwanza ya Kiebrania anaweza kulifikia neno la manabii. Nasi wachungaji tuliosomea Agano la Kale kwa vitabu vya Kiingereza tunaujua mlango huo. Je, unamfikisha wapi anayeanza?

Tuanze na sifa yake. Katika Mwanzo 2:7 King James inamwita Adamu nafsi hai; katika 1:24 inawaita wanyama viumbe hai. Biblia yetu ya Union nayo imetofautisha vivyo hivyo. Strong anaonyesha kwamba neno ni moja, nefesh, namba 5315. Kumbe mwanadamu na ng'ombe wote wana uhai waliopewa na Mungu. Heshima yetu ya pekee imesimama juu ya mfano wa Mungu, Mwanzo 1:27, wala si juu ya neno "nafsi". Hayo ni mafundisho makubwa, na anayeanza ameyapata kwa kufuata namba tu.

Lakini namba hutaja kitenzi bila kuonyesha kimenyambuliwaje katika mstari. Lamad, namba 3925, ni kujifunza, na ni kufundisha pia. Kiingereza kina maneno mawili yasiyofanana kwa mambo hayo, hivyo mwanafunzi wake hushangaa. Sisi tunaosema "soma" na "somesha" twaelewa upesi. Hata hivyo, umbo lililotumika mahali fulani Strong hatuambii.

Hatari kubwa zaidi iko katika kamusi yenyewe. Inaweka maana nyingi pamoja, na msomaji huchukua inayompendeza. Chini ya namba 1288, barak, kuna kupiga magoti, kubariki, na kwa tafsida, kulaani. Neno hilo ndilo alilotumia mke wa Ayubu katika Ayubu 2:9. Mwenye kushika namba tu anaweza kuhubiri kwamba mama yule alimsihi mumewe ambariki Mungu! Mstari wa 10, Ayubu anapomkemea kwa kunena kipumbavu, ndio unaotuelekeza kwenye maana.

Hapo ndipo jambo hili linapofika mimbarani. Mhubiri akitamka, "Kwa Kiebrania neno hili maana yake ni hii," washarika hunyamaza, kwa kuwa hakuna awezaye kumwuliza. Elimu ya dakika tano imevikwa joho. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, na bado wakayachunguza Maandiko kila siku, Matendo 17:11.

Basi kitabu cha Strong tunakisifu kama kielekezi. Kitumike kutafuta mahali neno linapopatikana. Kisha mistari hiyo isomwe yote, pamoja na iliyotangulia na inayofuata. Kamusi ije mwisho. Na msharika asiyejua Kiebrania asiogope kuuliza kwa upole, "Mchungaji, mstari unaofuata unasemaje?" Swali hilo ni halali katika kila lugha.