Orodha Inayotoka Mwaloni

Anayejenga mfumo wa kompyuta hukutana mapema na kazi ambayo wengi huimaliza kwa haraka: kuandika orodha ya majibu yanayoruhusiwa. Aina ya samaki, chagua. Zana ya uvuvi, chagua. Mimi naiona kazi hii kuwa ya heshima kuliko kurasa za rangi na vitufe vinavyong'aa. Kisichokuwemo kwenye orodha hakiandikwi, na kisichoandikwa hakipati nafasi katika mpango wa mtu yeyote.

Fikiria mwalo wa Katonga au Kibirizi, Kigoma, asubuhi mitumbwi inaporudi, na karani wa takwimu amesimama mchangani na kishikwambi chake. Mtumbwi mmoja umeleta dagaa, umeleta na migebuka, maana migebuka huwala dagaa na huwafuata hadi kwenye mwanga wa taa. Pengine yumo na sangala. Fomu yenye chaguo moja tu inamlazimisha karani kuandika samaki mmoja na kuwatupa wengine. Akishafanya hivyo msimu mzima, mezani Dar es Salaam itasomeka kwamba ziwa lina dagaa watupu.

Django, zana ya kujengea tovuti iliyoanza 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, inalitazama chaguo kama jozi: neno fupi linalokaa kwenye kanzidata, na jina analoliona mtumiaji. Kwa Ziwa Tanganyika jozi hiyo ni neema. Ziwa lina nchi nne. Samaki ambaye Kigoma ni mgebuka, Bujumbura ni mukeke, na upande wa Zambia ni bukabuka. Wataalamu humwita Lates stappersii. Kanzidata ihifadhi ufunguo mmoja usiobadilika, kisha kila mwalo uone jina lake. Hapo takwimu za Mpulungu, Zambia, zinaweza kujumlishwa na za Kigoma bila mtu kukaa kutafsiri safu baada ya safu.

Machaguo mengi kwa pamoja yanataka fikra zaidi, kwa kuwa Django haiji na uga wa aina hiyo tayari ndani ya modeli, yaani maelezo yake ya jedwali la kanzidata. Wapo wanaoyaunganisha majibu yote kwa koma na kuyatia katika uga mmoja wa maandishi. Ni njia rahisi, na siku ya kuuliza maswali inageuka mzigo: ukitafuta “dagaa” ndani ya maandishi, mfumo unakuletea na “dagaa_wakavu”. Wanaotumia kanzidata ya PostgreSQL wanaweza kuhifadhi safu halisi ya thamani, na hiyo ni nafuu. Lakini mimi nasimama na njia ndefu: samaki wawe na jedwali lao, safari za uvuvi ziwe na lao, na katikati pawe na jedwali la tatu linalosema safari hii ilileta samaki huyu, kilo hizi. Sababu ni kilo. Tiki inasema tu kwamba migebuka walikuwemo. Wawili waliochanganyika na dagaa na shehena iliyojaza mtumbwi hupata tiki ileile.

Halafu kuna kishawishi cha kutaka orodha ijue zaidi ya mwalo. Dagaa wa Kigoma ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na mtafiti ana haki ya kutaka kuzitenganisha. Lakini ndani ya beseni zimechanganyika, mnunuzi anasubiri, na karani hana muda wa kumkagua samaki mmojammoja. Ukimlazimisha achague, atachagua, na jibu lake litaonekana safi kabisa huku likiwa la kubahatisha. Afadhali orodha iseme “dagaa” kwa uaminifu, na spishi zitenganishwe kwa sampuli, na mtu mwenye muda na jicho la kazi hiyo.

Sehemu inayonigusa zaidi ni sifuri. Mtumbwi usioandikiwa kitu unaweza kuwa na sababu nyingi. Huenda uliingia ziwani ukarudi mtupu. Huenda haukwenda, kwa kuwa ilikuwa mbalamwezi na wavuvi wa taa husubiri giza. Huenda ziwa lilikuwa limefungwa, kama Tanzania ilivyolifunga kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Au karani alikuwa mgonjwa. Fomu inayoacha nafasi wazi kwa hali zote nne inamfanya mvuvi aliyetii sheria asitofautishwe na yule aliyechoma mafuta usiku kucha bila kupata hata ndoo moja. Fundi anayeandika machaguo manne pale amemtendea haki kila mmoja wao.

Zipo pia orodha ambazo busara ni kutoziandika. Sensa ya Tanzania haijauliza kabila tangu 1967. Ujiji, ambako Waha, Wamanyema na Wabembe wameoana kwa vizazi, sijui fomu gani ya chaguo moja ingemweleza mtoto wa nyumba moja bila kumpunguza.

Na orodha huzeeka. Karabai iliyowavuta dagaa kwa miaka mingi inaachia nafasi taa za betri na za nguvu ya jua. Fundi mgeni huona neno halitumiki na kulifuta, na rekodi za zamani zinabaki na ufunguo usio na jina. Kwenye jedwali la machaguo weka uga mmoja zaidi, wa ndiyo au hapana: chaguo hili bado linatolewa? Karabai ipate “hapana”. Haitaonekana kwenye kishikwambi cha kesho, na safari zote za uvuvi zilizofanywa kwa mwanga wake zitaendelea kusomeka.