Kubuni, Kusanifu au Kuunda? Tahakiki ya Kiswahili cha Tovuti katika Madarasa ya Gitega na Muyinga

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Safari hii tumeona vema tuhakiki matini ya aina nyingine, ambayo wanafunzi wetu huisoma kila siku kuliko riwaya yoyote. Nayo ni Kiswahili kilichoandikwa kwenye vitufe na menyu za mtandao, pamoja na Kiswahili ambacho wao wenyewe hukitumia wanapozungumza kuhusu utengenezaji wa tovuti, kazi za sanaa na habari mpya za teknolojia.

Kwanza tueleze kwa nini tumechagua Gitega na Muyinga. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, na shughuli za ofisi zimeongezeka huko. Ofisi nazo hutaka tovuti, mabango na nembo. Vijana wanaojifunza kazi hizo huzisoma kwa Kifaransa, hutaniana kwa Kirundi, na huja kwetu kutafuta Kiswahili chake. Muyinga, ambayo baada ya mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, iko karibu na mpaka wa Kobero. Ng'ambo yake ni Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania. Huko Kiswahili ni lugha ya biashara ya kila siku. Aidha, wamo vijana ambao wazazi wao waliishi kambini Tanzania na kurudi, nao walianza shule kwa Kiswahili. Kwa hiyo katika darasa moja tunakuwa na Viswahili viwili: kimoja kilichotoka Tanzania, na kingine kilichojengwa juu ya Kirundi na Kifaransa.

Chukua mfano mmoja mdogo. Mwanafunzi wa Gitega husema, "Nimemtengenezea siti yake." Neno hilo amelitamka kama linavyotamkwa kwa Kifaransa, akimaanisha tovuti. Mwenzake aliyekulia Tanzania husikia habari za kiti cha basi, kwa sababu siti kwake ni ile ya dirishani. Darasa hucheka, na mazungumzo hukatika. Tunasema hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza, kwa sababu mteja wa Ngara hatacheka. Atamtafuta fundi mwingine anayemwelewa.

Sasa tuingie katika tahakiki yenyewe. Wengi hudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya teknolojia. Dai hilo halina msingi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ikiwa na menyu za Kiswahili. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Facebook ilipata sura ya Kiswahili mwaka 2009, na mwaka huohuo huduma ya tafsiri ya Google ikaongeza Kiswahili. Hivyo basi, kwa zaidi ya miaka 20 watu wamekuwa wakiandika Kiswahili cha vitufe. Swali letu si kama maneno yapo, bali ni kama yanafanya kazi.

Mengine yanafanya kazi vizuri sana. Tazama jozi ya pakia na pakua. Mtu hupakia mzigo kwenye lori na kuupakua afikapo. Vilevile hupakua chakula kutoka chunguni. Kijana wa Muyinga anayeyaona malori ya Kobero haitaji kufundishwa kwamba kupakia faili ni kulipeleka mtandaoni, na kupakua ni kulishusha kwenye kifaa chake. Bofya nalo ni neno lenye asili nzuri: ni kubonyeza kwa kidole, kama mtu anayepima iwapo tunda limeiva. Kivinjari kimetokana na kuvinjari, yaani kuzunguka huku na huko kwa kuchunguza. Maneno haya hayakutafsiriwa tu. Yamechukuliwa kutoka katika maisha ya watu, na ndiyo maana yamedumu.

Mengine yanahitaji kukosolewa. Katika Wikipedia ya Kiswahili kumekuwa na viungo vilivyoandikwa "Ukurasa wa bahati", "Mabadiliko ya karibuni", "Toleo la kuchapika" na "Viungo viungavyo ukurasa huu". Cha tatu tunakisifu: kauli ya kutendeka imetumika mahali pake, na mwalimu anaweza kukitumia kufundishia tofauti ya kuchapwa na kuchapika. Cha kwanza kinatatiza. Ukurasa wa bahati ungeweza kueleweka kama ukurasa wenye zawadi, ilhali maana yake ni ukurasa wowote unaokuja bila kuchaguliwa. Cha nne ni sahihi kisarufi, na kwa mtu anayependa urejeshi kina ladha yake. Lakini ni kirefu, kina mwangwi wa viungo vilivyorudiwa, na katika kioo kidogo cha simu hukata mstari. Isitoshe, viungo ni neno lenye kazi nyingi: kuna viungo vya mwili, viungo vya pilau, na sasa viungo vya mtandao. Hatusemi liondolewe. Tunasema msanifu wa ukurasa lazima alipe muktadha ulio wazi.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni ngeli. Programu nyingi hujengwa kwa sentensi zenye pengo. Msanifu huandika sentensi mara moja, kisha mashine hujaza jina la kitu katika pengo. Kwa lugha kama Kiingereza mbinu hiyo huenda, kwa sababu kitenzi hakibadiliki kitu kinapobadilika. Kwa Kiswahili haiendi. Faili limepakuliwa, picha imepakuliwa, kitabu kimepakuliwa, wimbo umepakuliwa. Mwenye kuandika "imepakuliwa" kwa vitu vyote atakuwa amesema kweli kwa picha na kukosea kwa kitabu na wimbo. Idadi nayo ina matata yake: sisi husema vitabu viwili na picha mbili, idadi ikifuata nomino na kupatana nayo. Mashine iliyozoea kutanguliza namba hutupa "2 kitabu", kauli ambayo hata mtoto wa darasa la pili haiandiki.

Mwanafunzi wa Kirundi ana faida kubwa hapa, na tunasikitika kwamba hatujamwambia hivyo mara nyingi. Yeye amekua na igitabu na ibitabu, umuntu na abantu. Ngeli si somo geni kwake. Amezinyonya na maziwa. Akipewa skrini yenye sentensi ya pengo, atahisi kasoro kabla hajaieleza. Mtaalamu aliyesoma kazi hii kwa Kifaransa tu anaweza asiione kabisa. Basi yule tuliyezoea kumwona kama anayejifunza Kiswahili kwa taabu ndiye anayeweza kuwa mhariri bora wa Kiswahili cha programu. Njia za kuepa kosa hilo zipo: kuandika sentensi kamili kwa kila aina ya kitu, au kutumia muundo usiotegemea ngeli, kama vile "Upakuaji umekamilika". Sentensi hiyo ya pili ni fupi, ni sahihi, na inafaa kitu chochote. Kuichagua ni kazi ya lugha na ni kazi ya usanifu kwa wakati mmoja.

Tuje kwenye vitenzi vilivyo katika kichwa cha makala haya. Wanafunzi wetu hutumia kubuni, kusanifu na kuunda kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kubuni ni kuleta wazo ambalo halikuwapo. Lakini pia ni kutunga jambo lisilo la kweli, ndiyo maana tuna hadithi za kubuni. Kusanifu ni kupanga kazi kwa ustadi na kwa sanaa, nalo lina undugu na usanifu wa majengo na pia na ile sifa tunayoijua ya Kiswahili sanifu. Kuunda ni kushika vifaa na kujenga, kama fundi anavyounda jahazi. Anayefikiria tovuti ya ushirika wa wakulima wa kahawa iwe ya namna gani anabuni. Anayeamua rangi, ukubwa wa herufi na mahali pa picha anasanifu. Anayeandika msimbo wake anaunda. Mtu mmoja anaweza kufanya yote matatu, lakini bei, muda na lawama za kila hatua ni tofauti. Kijana asiyeweza kuzitenganisha hatua hizo kwa maneno hataweza kuziandika katika mkataba, na mteja atamdai mabadiliko ya bure hadi mwisho.

Tumesema haya kwa sababu tuna lalamiko dhidi ya ufundishaji wetu kwa jumla. Msamiati wa teknolojia hufundishwa kama orodha. Upande wa kushoto Kifaransa, upande wa kulia Kiswahili, na mtihani huuliza orodha. Mwanafunzi anayeandika tarakilishi hupata alama. Anayeandika kompyuta hukatwa na baadhi ya wasahihishaji, eti ametumia neno la kigeni. Hali kadhalika nywila hupewa alama na neno la siri hukatwa. Hatukubaliani na hukumu hiyo. Kompyuta ni neno la Kiswahili lililomo katika kamusi na midomoni mwa watu, na nchini Tanzania ndilo linalosikika zaidi. Tarakilishi nalo ni neno halali, lenye nguvu hasa katika vitabu vya Kenya, na limezaa kipakatalishi kwa msaada wa kupakata. Kumkata mwanafunzi wa Muyinga kwa sababu anasema kama jirani zake wa Ngara ni kumwadhibu kwa kujua lugha.

Hasara yake si ndogo. Mmoja amekariri maneno 40 na hawezi kueleza kwa sentensi tatu jinsi ya kufungua akaunti. Mwingine anaeleza vizuri kwa maneno ya kawaida, naye hushindwa. Wa pili ndiye tunayempoteza. Huondoka akiamini kwamba Kiswahili cha teknolojia si mali yake, arudi kwenye Kifaransa, na kurasa za Kiswahili ziendelee kuandikwa na watu wasiokaa nasi.

Habari za teknolojia za miaka ya karibuni zimeonyesha tatizo hilo upya. Tangu ChatGPT itolewe mwezi Novemba mwaka 2022, tumesikia majina matatu ya kitu kimoja: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Wanafunzi hutuuliza lipi sahihi. Jibu letu ni kuyapima. Bandia humkumbusha msikilizaji noti bandia, yaani kitu cha kudanganyia; linaingiza hukumu kabla ya hoja. Unde linachambulika: limetoka katika kuunda kama teule lilivyotoka katika kuteua, na maana yake ni kilichoundwa. Mnemba limeshika sana katika vyombo vya habari, ingawa mwanafunzi hawezi kulichambua kwa urahisi namna hiyo. Matumizi ndiyo yatakayoamua. Muhimu ni kwamba mwanafunzi aweze kutoa sababu ya chaguo lake.

Tusisahau pia kwamba Kirundi chenyewe kimeonyesha ujasiri. Urubuga ngurukanabumenyi ni jina lenye picha ndani yake: uwanja, na ujuzi unaoruka. Mwalimu anaweza kuwataka wanafunzi walinganishe picha hiyo na wavuti, ambamo tunauona wavu wa mvuvi. Hapo mazungumzo kuhusu tovuti yanakuwa mazungumzo kuhusu lugha mbili zilizo ndugu, wala hakuna anayeona haya kwa sababu ya lugha ya nyumbani.

Kwa kumalizia, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mtihani wa msamiati wa teknolojia uulize maelezo ya kazi, usiulize orodha, na visawe vilivyomo katika kamusi vikubaliwe vyote. Pili, kila mwanafunzi apewe ukurasa mmoja wa mtandao wenye Kiswahili kibovu, aonyeshe makosa ya ngeli, aandike upya vitufe vyake, na ahesabu herufi ili maneno yaenee kwenye simu. Tatu, wanafunzi wa Gitega na wa Muyinga wafanye zoezi hilo pamoja, mmoja akiwa mteja na mwingine fundi, bila kuruhusiwa kukimbilia Kifaransa.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu hapo tumesema mara nyingi kwamba Kiswahili ni mlango. Mlango hufunguka kwa anayeweza kueleza kazi yake, bei yake na sababu zake. Tunawaomba walimu wenzetu watuletee mifano ya vitufe na matangazo waliyoyaona, yaliyo mazuri na yaliyo mabaya, ili tuendelee kuihakiki matini hii kwa uzito uleule tunaoupa ushairi.