Mguu Uliosokotwa: Uhakiki wa Meza Mbili za Koboko na Arua

Tumefundishwa kuhakiki riwaya na tamthilia kwa kupima fani na maudhui. Katika makala haya natumia vipimo hivyo hivyo kwa kazi ya seremala. Nina meza mbili zenye miguu iliyosokotwa kama kamba. Ya kwanza iko nyumbani kwa bibi yangu, Koboko. Ya pili niliiona Arua, mbele ya karakana moja kando ya barabara, ikiuzwa kama “mtindo wa zamani”. Siandiki kwa udadisi tu. Mjomba wangu amepata mnunuzi kutoka Kampala anayeitaka meza ya bibi, na ukoo umegawanyika. Wanaotaka kuuza wanasema kwamba kwa fedha hizo tutapata meza tatu mpya za Arua, na miguu ni ile ile. Je, ni ile ile?

Msokoto huu haukuzaliwa kwetu. Mjini Roma, Bernini alisimamisha nguzo nne za shaba zilizosokotwa ndani ya Kanisa la Mtakatifu Petro kati ya 1624 na 1633. Wareno waliupenda mtindo huo katika vitanda na meza, wakaupeleka mpaka Goa. Huko Uingereza ulienea baada ya 1660, na wengi huuhusisha na Catherine wa Braganza, binti mfalme wa Ureno aliyeolewa na Charles II mwaka 1662. Katika karne ya 19 Waingereza waliufufua, na mafundi wa makoloni wakauiga. Kwa hiyo anayesema meza ya bibi ni “asili yetu” amekosea, na anayesema ya Arua ni “ya kuiga” hajasema kitu, kwa kuwa zote mbili zimeiga. Tuache suala la asili, tutazame kazi yenyewe.

Kiswahili kina neno zuri, kukereza, yaani kuuzungusha mti huku chombo chenye makali kikiuchonga. Lakini kukereza peke yake hutoa mguu wa duara tu, wenye vifundo na viuno. Msokoto unahitaji hatua nyingine. Fundi wa mkono huukereza mti uwe duara, huchora mstari unaoupanda kwa kuuzunguka, hukata kina kwa msumeno akiufuata mstari ule, kisha huchimba kwa patasi na kulainisha kwa tupa na msasa. Kazi ya mguu mmoja inaweza kumaliza siku nzima. Tena ina hatari yake: nyuzi za mti husimama wima, na msokoto huzikata kwa mshazari. Kila bonde la msokoto ni mahali ambapo mguu umepunguziwa nguvu. Fundi hodari hujua achimbe mpaka wapi.

Sasa fani ya meza ya Koboko. Miguu miwili ya mbele inatazamana: wa kushoto umesokotwa kuelekea kushoto, wa kulia kuelekea kulia, kama mtu na kivuli chake katika kioo. Mguu wa nyuma wa kushoto unafuata ule ulio mbele yake. Ukiitazama meza kwa mbele, jicho linatulia katikati. Misokoto hailingani kabisa. Katika mguu mmoja hatua zinabanana karibu na chini, kana kwamba fundi aliona nafasi inamwishia. Miguu inashika fremu kwa ulimi uliochomekwa tunduni, bila msumari.

Mguu wa nne, wa nyuma upande wa kulia, ni mti mnyoofu wa pembe nne. Haukusokotwa hata kidogo.

Meza ya Arua ni nadhifu zaidi. Hatua za misokoto zinalingana kwa sababu muuzaji aliniambia miguu huletwa tayari, imetoka kwenye mashine. Lakini mashine ilikuwa na kigezo kimoja, hivyo miguu yote minne imesokotwa kuelekea upande mmoja. Ukisimama mbele yake unaona meza inayotaka kugeuka na kuondoka. Uso ni wa mbao ngumu, miguu ni ya paini, na vyote vimepakwa rangi moja ya kahawia nzito ili visijulikane. Miguu imeshikwa kwa gundi na misumari. Simlaumu fundi kwa kutumia mashine. Kosa ninaloliona ni la uhakiki: amenakili pambo bila kuuliza pambo lile lilipangwa vipi.

Je, meza ina maudhui? Nadhani inayo, na ya meza ya bibi yamo katika ule mguu mnyoofu. Mwezi Oktoba 1980, vita vilipofika Koboko na Arua, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Nyumba zilichomwa na kuporwa, ndiyo maana vyombo vya zamani ni adimu kwetu. Babu aliibeba meza ile kichwani kuvuka mpaka, ikaanguka njiani, na mguu mmoja ukakatika bondeni mwa msokoto, pale nyuzi zilipokuwa chache. Seremala wa upande wa Zaire aliweka mguu aliouweza. Meza ilirudi nao.

Mnunuzi amepunguza bei kwa sababu ya mguu huo, na anasema ataubadilisha asokote mwingine ufanane. Hapa ndipo ninapotofautiana naye. Misokoto mitatu inatuonyesha ustadi wa fundi na udhaifu wa mtindo wake kwa pamoja. Mguu wa nne unatuonyesha udhaifu huo ulipatikana wapi na nani aliutibu. Ukiuondoa, meza inabaki na fani tu.

Mjomba ana hoja moja nisiyoweza kuipuuza: fedha za ada. Nami naongeza nyingine: kusokota kunakula mti, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubao mnene huishia kuwa vumbi na vipande. Mti wa Afzelia africana, ambao Walugbara huuita meli, uliamuliwa mwezi Novemba 2022 kuwekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa wa CITES. Kwa hiyo sidai mafundi wa Arua warudie misokoto ya mkono. Mguu mnyoofu wa mti mzuri, uliochomekwa vizuri, ungekuwa kazi bora kuliko msokoto wa paini uliopakwa rangi.

Nilimuuliza bibi anaonaje. Aligonga ule mguu wa nne kwa kidole akasema, “Huu haujanisumbua, mjukuu wangu. Hiyo mingine ndiyo naifuta vumbi kila siku.”

Katika kikao cha ukoo nitasema hivi: miguu si ile ile. Tukilazimika kuuza kwa ajili ya ada, tuuze tukijua tunachouza, na mnunuzi aahidi kuuacha mguu mnyoofu mahali pake. Asipokubali, atafute meza Arua.