Aliyekusanya Ndoto za Watu, na Zile Alizoziacha

Hapa kambini ukisema umeota vibaya, utapata majibu matatu kabla chai haijapoa. Mmoja atasema ni jinamizi, likemee kwa maombi. Mwingine atasema kuna mtu anakuchezea, waangalie majirani zako vizuri. Wa tatu, na huyu mara nyingi amevaa fulana ya shirika, atasema ni kiwewe, nenda ukamwone mshauri. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Ila wote wanaichukulia ndoto kama kitu cha kufukuza tu. Hakuna anayeuliza: yenyewe ilisema nini?

Swali hilo aliliuliza zamani mwanamke mmoja ambaye baadaye akawa mkimbizi kama sisi. Charlotte Beradt alikuwa mwandishi wa habari mjini Berlin, Myahudi. Hitler aliposhika madaraka, Januari 1933, Beradt akaanza kuota anawindwa na kupigwa risasi. Akajiuliza: hivi ni mimi peke yangu? Basi akaanza kuuliza watu wa kawaida, fundi wake wa nguo, jirani, shangazi, muuza maziwa. Rafiki yake daktari akamsaidia kuwauliza wagonjwa. Hadi anakimbia nchi mwaka 1939 alikuwa na ndoto za watu 300 hivi.

Kuziandika tu ilikuwa hatari. Kwa hiyo alitumia maneno ya mafumbo: Hitler akawa “Mjomba Hans”, chama cha Wanazi kikawa “familia”, na kukamatwa akakuita mafua. Karatasi alizificha ndani ya migongo ya vitabu, kisha akazituma nje ya nchi. Alifika New York, akaishi kwa kupaka watu rangi za nywele nyumbani kwake, wateja wake wengi wakiwa wakimbizi wenzake. Kitabu chenyewe, *Das Dritte Reich des Traums*, kilitoka mwaka 1966, zaidi ya miaka 25 tangu atoroke. Mimi nimekisoma kwa Kifaransa, kwenye simu, chaji ikiisha nalipia tena. Ni kitabu kidogo. Nataka niseme kwa nini kinatufaa hapa, halafu niseme pia mahali ninapogombana nacho.

Chukua ndoto ya mwenye kiwanda mmoja, aliyeiota siku tatu tu baada ya Hitler kuingia madarakani. Goebbels, mkuu wa propaganda wa Wanazi, amekuja kiwandani. Wafanyakazi wamepangwa mistari miwili, na tajiri lazima ainue mkono kutoa saluti mbele yao. Mkono haupandi. Anauinua kidogo kidogo, nusu saa nzima, huku Goebbels anatazama tu. Unapofika juu, mgeni anasema haitaki saluti yake, anageuka na kuondoka. Tajiri anabaki amesimama, mkono hewani, watu wake wanamwangalia.

Au ndoto ya daktari mmoja, mwaka 1934. Amepumzika kwenye kochi na kitabu, mara kuta za nyumba zinatoweka. Anatazama huku na huku: nyumba zote hazina kuta. Kipaza sauti kinatangaza kwamba kwa amri ya serikali kuta zimefutwa. Asubuhi akaiandika ndoto hiyo. Usiku uliofuata akaota anashtakiwa kwa kosa la kuandika ndoto.

Watu hawa wawili walikuwa wamelala kwenye vitanda vyao wenyewe, hakuna aliyewagusa. Hoja ya Beradt ni kwamba ndoto zao hazikutoka utotoni wala kwenye tamaa zilizofichika. Zilitoka kwenye amri, matangazo na mabango ya siku ile. Serikali ilikuwa imeshaingia chumbani kabla haijagonga mlango. Sisi tunaolala chini ya turubai, ambapo jirani akikohoa unamjibu pole, ndoto ya kuta kufutwa hatuhitaji kufafanuliwa.

Na kuna zaidi. Mtu wa nje anadhani mkimbizi anaota bunduki na panga peke yake. Ni kweli tunaziota. Lakini kaa kwenye foleni ya maji usikilize. Kuna anayeota orodha imebandikwa, majina yote yapo, lake halipo. Kuna anayeota anaweka kidole kwenye mashine na mashine inamkataa, anajaribu kingine, anajaribu vyote kumi. Mama mmoja wa kwetu Kivu alisema: “Ile ya vita ilishapunguka. Ile ya karatasi njo inarudiaka kila siku.” Ukiisoma sura ya mwisho ya Beradt, ile ya Wayahudi, utawatambua jamaa zako. Wakili mmoja anaota bustani yenye benchi mbili, ya kijani kwa watu wote na ya njano kwa Wayahudi. Katikati kuna pipa la taka. Yeye anakaa juu ya pipa, na shingoni anajitundikia kibao kwamba ikibidi ataipisha taka. Mtu aliyeota vile alikuwa anasoma sheria za nchi yake vizuri kuliko magazeti.

Sasa ugomvi wangu. Beradt anasema wazi kwamba ndoto za kupigwa, za damu, za hofu ya mwili, aliziweka kando. Kwake zilikuwa kitu cha kale, watu wameziota zama zote, hazimfundishi mtu jambo jipya kuhusu utawala ule. Hapo nilifunga simu kwa muda. Yaani mtu anaamka amelowa jasho, mtoto wake amejibanza ukutani kwa kelele zake, halafu ndoto yake haina jipya? Kama mhariri namwelewa, alikuwa na hoja na akachagua vielelezo vyake. Ila kwa uchaguzi huo kitabu kinachosifiwa kwa kusikiliza walioogopa kikawatoa nje ya mlango wale walioogopa kuliko wote. Kuwajua hao inabidi tutafute kwingine, na kwingine huko ni sayansi.

Sayansi inasema nini? Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Mwaka 1953 huko Chicago, Aserinsky na Kleitman waliandika kuhusu kipindi ambacho macho ya aliyelala huchezacheza haraka chini ya kope. Ndoto kali nyingi huja wakati huo, na kipindi hicho hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, ndiyo maana jinamizi hupenda alfajiri. Amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, huwa inafanya kazi kweli kweli, huku misuli ya mwili imezimwa usije ukainuka ukakimbia. Wakati mwingine akili inatangulia kuamka kabla misuli haijafunguliwa. Unaona chumba, huwezi kusogea, kifua kizito, unahisi mtu yupo. Wazee waliosema jinamizi limewakalia hawakusema uongo, mzigo waliuhisi. Na wazazi mjue hili: mtoto anayepiga mayowe saa za mwanzo za usiku, macho wazi lakini hakutambui, na asubuhi hakumbuki kitu, huyo mara nyingi hajaota jinamizi. Ni hofu ya usingizi mzito. Mlinde asijiumize, usimtikise kwa nguvu.

Kwa nini sasa ubongo ututese? Freud mwaka 1900 alifundisha kwamba ndoto ni tamaa inayotimizwa. Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, wanajeshi wakawa wanarudi kila usiku kwenye tukio lile lile lililowavunja. Nani anatamani kurudi kule? Mwaka 1920 mzee akakiri kwa maandishi kwamba ndoto hizo haziingii kwenye kanuni yake. Mwaka 2000 Antti Revonsuo wa Finland akaja na jingine: ndoto ni mazoezi. Mababu waliofanya mazoezi ya kukimbia hatari usingizini walikuwa tayari zaidi mchana, wakaishi, wakazaa. Yeye na Katja Valli na wenzao wakalinganisha ndoto za watoto wa Kikurdi wa Iraki waliopitia mateso na ndoto za watoto wa Finland. Matokeo yalitoka mwaka 2005: walioteseka zaidi waliota zaidi, na ndoto zao zilijaa vitisho zaidi.

Hayo matokeo nayakubali. Tafsiri ndiyo inanikwama kooni. Mazoezi ya nini, bwana? Mchezaji akifanya mazoezi miaka kumi lazima apige mpira vizuri zaidi. Mtu anayeota moto ule ule miaka kumi hajifunzi mlango mpya. Anaamka amechoka, anasahau sufuria jikoni, anagombana na mkewe. Revonsuo anaeleza vizuri kwa nini king'ora kipo. Haelezi vya kutosha king'ora kilichokwama kikalia usiku kucha. Watafiti wengine wananishawishi zaidi wanaposema kwamba ndoto ya kawaida huchanganya: inachukua tukio la kutisha, inalitia kwenye mambo mengine ya maisha, mpaka ukali unapungua kama pilipili kwenye sufuria kubwa. Kiwewe kinapokuwa kikubwa mno mchanganyo unashindikana. Unaamka kabla haujaiva, na kesho unaanza upya na pilipili ile ile.

Hilo lina faida, kwa sababu linatoa njia. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 168 waliowahi kubakwa au kushambuliwa kingono. Waliofundishwa walifanya hivi: mchana, ukiwa macho, chagua ndoto moja, anza na isiyo kali sana. Ibadilishe upendavyo. Kisha hiyo mpya ipitie kichwani dakika chache kila siku, kama unavyorudia wimbo wa kwaya. Majinamizi yalipungua na usingizi ukawa bora. Kinachonipendeza ni kwamba huhitaji kumsimulia mtu tukio zima. Kwenye nyumba zetu za turubai, hilo si jambo dogo.

Lakini nikiiweka dawa hii mbele ya yule mama wa karatasi, inachechemea. Ndoto ya vita ataibadilisha, kwa sababu vita vile, kwa ile siku yake na ile nyumba yake, vimekwisha. Ndoto ya orodha je? Usiku anaweza kujiandika jina kwa wino mwekundu. Asubuhi orodha ni ile ile. Hapo si ubongo ulioshindwa kuchanganya. Ubongo unaripoti. Ndipo Beradt anaporudi kuwa na haki, kwa sababu ndoto ile iko sahihi kuhusu maisha ya mchana, na tiba yake ya kwanza ni mtu kumwambia mama huyo ukweli wa karatasi zake: zimefika wapi, zinasubiri nini, jibu lini.

Kwa hiyo nasema ndoto mbaya isomwe mara mbili. Soma kwanza kama mwili unaoumwa: analala saa ngapi, inarudi mara ngapi, ni ile ile? Kama inarudi kila wiki na inamharibia mchana, apate mshauri, na maombi yaendelee, hayagombani. Kisha soma kama ushahidi: inasema nini kuhusu mahali alipo leo? Beradt alifanya la pili akadharau la kwanza. Ndugu zetu wa mashirika, mara nyingi mnafanya la kwanza mkaliacha la pili. Mtu akikusimulia ndoto ya mashine iliyomkataa, ukaandika “kiwewe” tu, umekata ndoto katikati na kutupa nusu iliyokuhusu wewe.

Nina neno la mwisho juu ya kitabu, na ni zito. Beradt mara nyingi hakuwaambia watu kwa nini anauliza. Alitaka majibu yasiyopambwa, na kwa Berlin ile kutojua kulimlinda pia anayejibu. Namsamehe kwa mahali na wakati ule. Sisi hapa tumeshahojiwa sana, tumesimulia mambo yetu kwa watu wenye kalamu ambao hatukuwaona tena. Vijana wawili wa kikundi chetu cha kusoma, mmoja Mrundi na mmoja Mkongo, wanataka kuanzisha daftari la ndoto za kambi. Nawaunga mkono, na hili ndilo ninalowaomba. Mwambieni mtu ndoto yake inaenda wapi. Msiandike jina wala namba ya nyumba. Akisema futa, futeni mbele ya macho yake. Na za damu msiziache nje. Kumbukeni daktari wa Berlin: aliandika ndoto moja tu, na usiku wa pili alikuwa tayari kizimbani.