FMWhatsApp ilivyobeba kirusi

Agosti 2021, watafiti wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Kaspersky walichunguza toleo la 16.80.0 la FMWhatsApp, mojawapo ya zile WhatsApp zilizochezewa ili ziwe na madoido zaidi, wakakuta ndani yake kirusi kiitwacho Triada. Kiliingia pamoja na kipande cha programu cha kuonyesha matangazo. Programu ikifunguliwa, kirusi kilikusanya vitambulisho vya simu, kikavituma kwenye seva ya mbali, kisha kikaletewa kiungo cha kupakua programu nyingine hasidi. Mwenye simu alikuwa amekwisha kuiruhusu FMWhatsApp isome meseji zake, na kirusi kikarithi ruhusa hiyo. Hivyo kiliweza kumwandikisha kwenye huduma za kulipia, hata zile zinazodai namba ya uthibitisho. Kwetu, ambako taarifa za M-Pesa na namba za uthibitisho za benki hufika kwa meseji, hatari hiyo inagusa mfuko moja kwa moja.

Kwa hiyo programu kufanya kazi vizuri si ushahidi kwamba ni salama. FMWhatsApp ilituma ujumbe barabara kabisa. Cha kuangalia ni saini. Kila faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu ya Android, hutiwa saini ya kidijitali na mtengenezaji wake, na Android hukataa kusasisha programu kwa faili lenye saini nyingine. Ndiyo maana anayekurushia WhatsApp ya mtaani mara nyingi hukwambia ufute kwanza ile uliyonayo: mlinzi amemkataa mgeni, nawe unaombwa umfukuze mlinzi.

Wapo watakaosema hata Play Store ina virusi, na wana haki. Agosti 2019 CamScanner, programu ya kuskani nyaraka iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100, ilikutwa na kirusi, nacho kilijificha kwenye kipande cha matangazo vilevile. Lakini tazama kilichofuata: Google iliiondoa dukani, kipande kile kikatolewa, na toleo safi likarudi dukani chini ya mtengenezaji anayejulikana. Faili lililosambaa kwenye magrupu halina wa kuliondoa. Wengine watataja gharama ya bando. Hilo nalo lina jibu, kwa kuwa Play Store yenyewe inaweza kurusha programu kwenda simu ya jirani bila bando.

Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya duka hutolewa kwa kila programu peke yake. Fungua mipangilio, uizime kwa kivinjari, kwa WhatsApp na kwa kidhibiti faili.