Intakula na Lugha ya Majaribio: Kasoro Haimo Katika Jina

Miongoni mwa matini za kiufundi zinazomkabili mfasiri zimo taarifa za majaribio ya magari ya mwendo kasi yenye injini za tabo. Gari kama Subaru Impreza WRX, ambalo si geni katika barabara za Afrika Mashariki, huondolewa intakula yake ya kiwandani, likafungwa nyingine kubwa zaidi, kisha likapimwa. Mjadala wa istilahi juu ya taarifa za namna hii huelekea kukwama katika swali moja: intakula iitweje kwa Kiswahili? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo si zito kama linavyodhaniwa, na kwamba kinachompotosha msomaji kimo katika maneno ya upimaji.

Yafaa kwanza dhana yenyewe ieleweke. Tabo, ambayo chimbuko lake ni hataza ya mwaka 1905 ya mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, huzungushwa na moshi utokao katika injini, nayo huishindilia hewa iendayo katika silinda. Hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi ya ujazo na kanieneo ileile. Isitoshe, moto ukizidi, petroli huweza kulipuka ovyo ndani ya silinda na kuidhuru injini. Intakula huwekwa baina ya tabo na injini ili kuipoza hewa hiyo. Katika Impreza WRX hulala juu ya injini, ikapata upepo kupitia tundu la boneti. Katika Mitsubishi Lancer Evolution hukaa mbele, nyuma ya bampa.

Tukija kwenye jina, mfasiri aweza kushawishika kuunda "kipoza-kati" kwa kufuata muundo wa neno la Kiingereza. Lakini "kati" hiyo ilitokana na mashine za viwandani zinazoshindilia hewa kwa hatua mbili au zaidi, ambamo chombo hicho kilipoza hewa kati ya hatua na hatua. Gari lenye tabo moja halina hatua hizo. Kutafsiri kiambishi ni kurithi historia ya lugha nyingine pasipo faida. "Rejeta ya tabo" nayo yapotosha, kwani kinachopozwa si tabo bali hewa. "Kipozahewa" yaeleza kazi, ila msomaji wa kawaida atadhani kinatajwa kiyoyozi. Mafundi wana neno "intakula", nalo limekwisha kuingia katika ngeli na kukubali viambishi kama walivyofanya ndugu zake injini, pistoni na rejeta. Hatuoni sababu ya kulifukuza.

Sasa tuitazame sentensi ifuatayo, tuliyoitunga kwa kusudi la uchambuzi: "Baada ya kufunga intakula iliyoboreshwa, joto lilipungua na presha ikashuka, kwa hiyo chombo hiki ni bora." Kisarufi haina dosari. Kimaana ina kasoro tatu.

Ya kwanza ni neno "iliyoboreshwa". Jaribio linafanywa ili kujua kama chombo ni bora. Kukiita hivyo tangu mwanzo ni kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Kinachojulikana kabla ya kupima ni kwamba ni intakula mbadala, au kubwa zaidi. Lugha ya muuzaji isiruhusiwe kuingia katika lugha ya mpimaji.

Ya pili ni "joto". Joto ni nishati. Halijoto ni kipimo cha umoto. Intakula nzuri hutoa joto jingi ili halijoto ya hewa ishuke. Anayetumia neno moja kwa dhana zote mbili atajikuta akisema kwamba joto limekuwa jingi na dogo kwa wakati mmoja. Tuchukue mfano wa hesabu. Hewa ya nje ina nyuzi 30 za Selsiasi. Tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 ikiishindilia hadi baa 2, halijoto hupanda kufikia nyuzi 125 hivi. Intakula ikiitoa kwa nyuzi 50, imeondoa nyuzi 75 kati ya 95 zilizoongezwa, yaani ufanisi wa asilimia 79. Hesabu hii yahitaji halijoto tatu: ya hewa ya nje, ya hewa iingiayo na ya hewa itokayo. "Joto lilipungua" haisemi hata moja.

Ya tatu, na ndiyo ya hatari zaidi, ni "presha ikashuka". Kwa mgonjwa mwenye shinikizo la juu la damu, habari hiyo ni njema. Kwa injini ni hasara. Katika mfano wetu, kupoa kwa hewa kungeongeza uzito wake kwa asilimia 23 katika ujazo uleule. Lakini iwapo njia nyembamba za intakula zimepunguza kanieneo kutoka baa 2 hadi 1.9, faida hiyo hubaki asilimia 17. Sentensi yetu imeihesabu hasara kuwa ushahidi wa ubora. Tunapendekeza iandikwe "upotevu wa kanieneo", ili neno lenyewe limwonye msomaji.

Lipo pia jambo ambalo sentensi hiyo haikuligusa. Gari likisimama baada ya mwendo mkali, intakula iliyo juu ya injini hupokea joto kutoka chini. Hali hii yaweza kuitwa mlimbiko wa joto, na hapa neno joto limetumika mahali pake. Ndiyo maana mbio moja haitoshi kuwa jaribio. Hurudiwa mfululizo, katika gia ileile na barabara ileile.

Haya si mambo ya wapenda magari peke yao. Malori na magari mengi ya dizeli yana intakula, na mtumishi wa serikali anayelinganisha vifaa vya kununuliwa kwa fedha za umma hutegemea taarifa za namna hii. Akisoma kwamba presha imeshuka, akadhani amesifiwa chombo, atanunua hasara. Mwalimu wa ufundi naye atamfundisha mwanafunzi kupima kitu kimoja na kuandika kingine. Basi jina tuwaachie mafundi waliokwisha kulitoa. Sisi tuvishughulikie vipimo.